Mlianzia Wapi?

Siku nilipomwona Mwalimu kwa mara ya kwanza, alikuwa anampiga mtu kwa kiatu.

Kiatu kilikuwa chake mwenyewe, mojawapo ya zile raba nyeupe alizovaa chumba cha upasuaji, na aliyekuwa akipigwa ni baba wa mtoto. Ilikuwa kwenye korido ya wodi ya watoto, katika hospitali moja ya Mkoa wa Singida ambayo sitaitaja kwa sababu wenyewe wapo na wana maneno. Mtoto alikuwa bado hajaanza shule. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimeungua mpaka vidole vikashikana. Alikuwa amedokoa nyama jikoni, baba yake akamfunga nyasi kavu mikononi kwa mpira, akaziwasha. Tusingejua kama baba mwenyewe asingeeleza, na alieleza kwa utulivu, kama mtu anayezungumzia bei ya alizeti. Akamalizia, "Nilikuwa namfunza, daktari." Hapo ndipo kiatu kilipotoka mguuni.

Muuguzi hakuingilia. Mlinzi akageuka kutazama nje. Mwalimu alimpiga yule bwana usoni, akampiga shingoni, bwana akaangukia benchi. Kisha Mwalimu akavaa kiatu chake, akafunga kamba taratibu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, inuka. Ingia ndani umshike mwanao, tunamsafisha vidonda. Ukifumba macho nakuongeza." Bwana akaingia, akashika. Mimi nilikuwa nimefika asubuhi ile ile kujifunza upasuaji wa watoto, begi langu bado liko mgongoni, nikajua nimekuja kufundishwa na kichaa.

Alizaliwa wapi na kwa nani, sijui na sikuwahi kumuuliza. Alikuwa daktari bingwa, lakini kila mtu alimwita Mwalimu, kuanzia mkuu wa hospitali hadi mama wa chai, na yeye mwenyewe jina la daktari hakulipenda. Alisema daktari akishatibu anakwenda kulala, mwalimu halali. Kwa kweli alikuwa halali. Kilichomnyima usingizi kilikuwa kitu kimoja, nacho nitakieleza mapema ili msomaji asipate taabu kama tulivyopata sisi.

Wako watoto wanaozaliwa bila njia ya haja kubwa. Pale panapotakiwa kuwa wazi pamezibwa na ngozi. Ni jambo la kutisha kwa mama, lakini lina dawa: mtoto akiletwa mapema unamfungulia mlango mdogo tumboni, choo kinapita hapo kwa muda, na akishapata nguvu unamtengenezea njia pale inapostahili, katikati ya misuli ile inayobana. Atakua, atakaa darasani na wenzake, wala hakuna atakayejua. Sasa ole wake akifika kwako ameshakatwa na wembe. Misuli imechanika, damu imeingia uchafu. Anayekufa anakufa, na anayepona atavuja maisha yake yote, atakaa peke yake nyuma ya nyumba akifukuza inzi. Mwalimu alikuwa amepokea wengi wa namna hiyo, na wengi walitoka kijiji kimoja mbele ya Nduguti. Alichokitaka duniani ni mtoto mmoja tu kutoka kijiji kile aletwe akiwa hajaguswa. "Mmoja," alikuwa akisema. "Akija mmoja, wengine watafuata njia yake."

Sisi wanafunzi alitupiga. Nasema hivyo bila kupamba, maana siku hizi watu wakimkumbuka wanasema alikuwa mkali, na mkali ni neno la heshima kwa mtu anayepiga. Alikuwa na mkasi mmoja mrefu wa chuma ambao haukukata chochote zaidi ya moyo. Ukishika sindano vibaya, mpini wa mkasi unatua kwenye vifundo vya vidole, papo hapo, mtoto akiwa mezani. Ukisema "samahani Mwalimu," anapiga tena. "Pole haishoni," alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa methali yake, na tuliichukia kiasi kwamba mwenzetu mmoja aliiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa choo. Mwalimu aliiona, akaagiza isifutwe.

Mwenzetu huyo aliondoka kabla mwaka haujaisha. Alikuwa kijana wa watu, mpole, mikono laini kama ya mshona suti, na siku aliyopigwa mbele ya wazazi wa mgonjwa alivua glavu, akaziweka kwenye beseni, akatoka na kwenda stendi akiwa na nguo za upasuaji vile vile. Mwalimu hakumwita. Alimaliza kushona, akanitazama, akasema, "Yule alikuwa bora kuliko wewe." Nilimchukia siku ile. Nilibaki kwa hasira, kusema kweli. Sikutaka mzee yule apate sababu ya kusema sikuweza.

Nisipozungumzia kuku nitakuwa nimemficha mtu mwenyewe. Kila Jumamosi alitutuma sokoni Singida Mjini kununua utumbo wa kuku. Mji ule kila mtu anajua kuku wake, na wauzaji walishatuzoea, wakituita madaktari wa firigisi. Utumbo wa kichanga, alisema, ni mwembamba hivyo hivyo na unachanika hivyo hivyo. Basi tulikaa uani kwake tukikata na kuunga, kukata na kuunga, upepo wa ziwa Singidani ukitutupia mchanga machoni, naye akizunguka nyuma yetu na mkasi wake. Ukimaliza anafunga ncha moja kwa uzi, anajaza maji, anainua juu. Tone likidondoka, umeua. Hakusema umekosea. "Umeua. Mwite mama yake." Na ilikupasa usimame uani pale, mbele ya wenzako na majirani wanaochungulia, umwambie mama asiyekuwepo kwamba mwanaye amekufa na kwa nini. Mimi nimewaambia wengi wasiokuwepo. Siku nilipolazimika kumwambia aliyekuwepo, mdomo wangu ulikuwa umeshajua kazi.

Na mtu huyo huyo alikuwa hawezi kuchinja kuku. Wazazi wa watoto waliopona walimletea kuku, kama ilivyo desturi yetu, naye akashindwa kuwala. Walizagaa uani, wakazeeka, wakafa kwa uzee, jogoo mmoja akapofuka, akawa anawika saa yoyote anayojisikia. Tulimtania kwamba ndiye mtu pekee Singida nzima anayenunua utumbo na kuzika kuku. Tena aliogopa sindano. Alipougua malaria alimeza vidonge mpaka masikio yakaziba, kisa asichomwe.

Kwa watoto alikuwa mwingine kabisa. Nimemwona akifua mwenyewe vitambaa vya watoto waliofunguliwa tumboni, kwenye beseni, mikono ikiwa kwenye kinyesi mpaka viwiko, kwa sababu mama mmoja kutoka milima ya Kilimatinde alikuwa akilia kwa aibu. Hakumbembeleza mama. Alimwambia, "Choo hiki ni habari njema, unalia nini?" Kisha akaanika vitambaa kwenye kamba, kimoja kimoja, akavinyoosha. Aliingia na watoto chumba cha upasuaji amewabeba mwenyewe, akawashikilia kifuani mpaka nusu kaputi iwachukue, akiwaimbia nyimbo za kanisani zilizopotea sauti. Halafu anawalaza, anageuka, na uso ule unakufa. "Nani anashika mkasi leo?" Tunajikunja kama wezi.

Utafiti wake ndio uliompa sifa, na ndio uliommaliza. Wengine hufanya utafiti wakiwa wamekaa. Mwalimu alifanya wa kwake misibani. Mtoto akitufia, yeye na mwanafunzi mmoja walipanda pikipiki na kuufuata mwili mpaka nyumbani, Ikungi, Iramba, popote, na baada ya maziko alikaa na wafiwa akauliza swali moja. Mlianzia wapi? Basi. Hakuuliza kwa nini mlichelewa, maana alisema mtu ukimuuliza kwa nini anajitetea, ukimuuliza wapi anakumbuka. Na watu walikumbuka. Tulianzia duka la dawa. Tulianzia kwenye maombi. Tulianzia kumsubiri baba arudi kutoka mnadani na ng'ombe. Tulianzia kwa bibi.

Ofisini kwake palikuwa na ramani kubwa ya mkoa ukutani, na kila mtoto aliyekufa alikuwa na uzi wake juu ya ramani ile, uzi ule ule mweusi tunaoshonea, umepigwa pini kijijini kwao, ukapitishwa kila walikoanzia, mpaka hospitali. Kuna nyuzi zilizozunguka kama njia ya mlevi. Kila Ijumaa mmoja wetu alisimama, akafuata uzi mmoja kwa kidole, na Mwalimu akamsimamisha mahali fulani. "Hapa. Hapa ndipo tulipomuua." Alisema tulipomuua, hata kama ni kijijini kwa watu, hata kama sisi hatukuwepo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kumsahihisha, walipomuua, akala mpini wa mkasi. Ramani ile ilikuwa somo kuliko vitabu vyote nilivyosoma, na hadi leo nikimwona mtoto amechelewa naona uzi.

Pale mbele ya Nduguti, nyuzi zilikuwa zimejikusanya zikawa fundo.

Sasa, kuna jambo ambalo mtu wa mbali asingelijua. Katika vijiji vile kichanga kikifa hakizikwi kama mtu mzima. Wanaume hawaendi. Wanawake wazima wanachimba wenyewe nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa, wanakilaza, wanakifukia, na hakuna mwanaume anayesogea, hata baba yake. Mwalimu alilijua hilo vizuri, na kwa miaka mingi lilikuwa ukuta kwake, kwa sababu aliowataka kuwauliza walikuwa ng'ambo ya minyaa. Ndipo nilipokuja mimi, mwanamke, Mnyiramba wa Mkalama, ninayezungumza lugha ya pale tangu nikinyonya. Nilidhani amenipokea kwa sababu ya mikono yangu. Ikawa siku moja tuko njiani, akaniambia kwa mgongo huku anaendesha, "Mikono nimepata mingi. Nilihitaji mtu wa kuingia kaburini." Nililia nyuma ya pikipiki ile, upepo ukanifuta.

Lakini niliingia. Nilikaa na akina mama wale, nikachota udongo nao, nikauliza kwa lugha yetu, na waliniambia mambo ambayo wasingemwambia mwanaume yeyote. Mwalimu alibaki barabarani na pikipiki, pamoja na wanaume, kama adabu inavyotaka. Nikirudi alinisikiliza bila kunikatiza. Kipindi chote kile hakunipiga hata mara moja. Nadhani niliyapenda makaburi kwa sababu hiyo, Mungu anisamehe.

Siku ilipoharibika ilikuwa kiangazi, mtama umeshavunwa, mashamba meupe. Alikuwa mtoto wa kiume. Alitufia wodini akiwa amekatwa vibaya, tumbo limejaa, na Mwalimu alimfanyia kazi mpaka mwisho na baada ya mwisho, ikabidi muuguzi amwondoe mkono kifuani mwa maiti. Tukaufuata mwili. Nyumba ilikuwa ile ile iliyokuwa katikati ya fundo, nyumba ya bibi mmoja mkunga, na mtoto alikuwa mjukuu wake wa damu. Nilikaa chini karibu naye. Mwili ulikuwa bado kwenye kanga, haujashushwa kishimoni. Nikauliza mlianzia wapi.

Bibi hakuficha. "Kwangu," alisema. "Aliletwa kwangu hana njia. Nikachoma wembe kwenye moto, nikamfungulia. Ulitaka nimwache apasuke?" Alikuwa analia wakati anasema, kamasi zinashuka, hafuti. Alisema wapo aliowahi kuwafungulia wakaishi. Alinionesha mkono wake, kama anayeonesha chombo ambacho hakielewi kimevunjikia wapi. Nilimwamini. Nilimhurumia na nilitaka kumnyonga, vyote kwa pamoja.

Sikujua kuwa Mwalimu alikuwa amesogea hadi kwenye ua. Kinyiramba hakukijua sana, lakini neno wembe halina tafsiri. Alipita kwenye minyaa kwa mwili wake, utomvu mweupe umemtapakaa shingoni, akaja mpaka ukingoni mwa kile kishimo, akamshika bibi kifundo cha mkono. "Mkono huu?" alisema. "Ni mkono huu?" Na kabla sijasimama alikuwa ameokota jembe walilochimbia, akalishika kwa chuma, akaupiga mkono ule kwa mpini. Alipiga kama alivyotupiga sisi, kwenye vifundo vya vidole, ila mpini wa jembe si mkasi. Nilisikia mifupa. Akapiga tena.

Wanawake walipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia tena, na wanaume wakaja kutoka barabarani. Sitaeleza kila kitu. Walikuwa na fimbo za kuchungia, na mmoja alikuwa na mchi. Walimwangusha mbali na kaburi, walikumbuka hata hapo kutokanyaga kaburi, wakampiga mpaka akaacha kujikinga. Mimi nilijitupa juu yake, nikapata fimbo moja juu ya jicho, alama ninayo. Kisha baba wa marehemu, ambaye ndiye mtoto wa bibi, akawanyamazisha. Akauchukua mkono wa kulia wa Mwalimu, akaulaza juu ya jiwe la kusagia, akauliza kwa Kiswahili, taratibu, "Ni huu?" Nikasema sio, nikasema jamani, huo ndio mkono anaoshonea watoto. Akaupiga kwa mchi.

Nilimfunga Mwalimu mgongoni kwangu kwa kitenge, kama mtoto, nikaendesha pikipiki ile hadi Nduguti. Njia nzima hakulia. Alisema kitu kimoja tu sikioni kwangu. "Nimefunga mlango."

Na kweli aliufunga. Kwanza ni mkono: mifupa iliunga upande, vidole vikabaki vimekunjika kama vya mtu anayeshika kikombe, na havikuwahi kushika sindano tena. Hilo lilikuwa lake mwenyewe, na sikumwonea huruma kama watu walivyotegemea. Lililoniuma ni kwamba kutoka kijiji kile hakuja tena mtoto, aliyekatwa wala asiyekatwa. Majira yakapita. Pini ya kijiji kile kwenye ramani ikabaki na nyuzi zake za zamani. Siku moja mkuu wa hospitali alitupongeza kikaoni kwamba tatizo la upande ule limepungua sana, bila shaka kwa sababu ya elimu yetu kwa jamii. Mwalimu alisimama, mkono umening'inia. "Hawajapungua," alisema. "Wanazikwa." Akatoka nje, na tukamsikia akitapika.

Baada ya hapo niliyekuwa nikishona ni mimi. Alisimama nyuma yangu, na nikikosea alinipiga begani kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwa na shabaha. Siku moja nilishusha sindano nikamwambia, "Mwalimu, ukinipiga tena natoka, na huyu mtoto utamshona kwa mdomo." Nesi wa usingizi akashusha macho. Mwalimu akasema, "Laiti ulimwengu ungenifunza hivyo mapema," akarudisha mkono mfukoni. Wiki ile ile aliandika barua ya kuacha kazi.

Tulisikia maneno mengi. Kwamba amerukwa na akili, kwamba amekimbilia Dodoma kwa ndugu, kwamba ameokoka. Ukweli niliupata wodini kwa akina mama wa Mkalama, vipande vipande, huku nikiwabadilishia watoto vitambaa. Alikuwa amerudi kijiji kile na kondoo. Wazee wakamkatalia kondoo, wakasema hakuwakosea wao, aliingia mahali pa wanawake, basi awaendee wanawake. Wanawake wakamwambia akae nje ya minyaa mpaka bibi atakapotaka kumwona. Bibi hakutaka. Mwalimu akapanga chumba kwa muuza duka na kila asubuhi akawa anakuja kukaa nje ya ua ule juu ya gogo, hasemi. Mvua ziliponyesha akashika jembe kwa mkono wake mbovu, akaanza kulima shamba la bibi la uwele, bila kuambiwa. Watoto walimcheka jinsi anavyoshika. Alilima, akapalilia, akaamia ndege wasile nafaka, jioni akarudi kwa muuza duka. Neno wembe hakulitaja.

Nilipata hasira niliposikia. Nilitaka arudi, nilitaka afundishe, kazi ilikuwa inanielemea na mimi pia nilikuwa nimeanza kuwakaripia wanafunzi wangu kwa sauti yake. Mtu mwenye elimu ile anaamia ndege, nilisema. Mama mmoja alinijibu, "Daktari, ndege nao wanawalia watu chakula."

Mara ya mwisho nilimwona kwenye korido ile ile, pale pale penye benchi alipomwangusha baba wa yule mtoto. Ilikuwa asubuhi. Alikuwa amekonda, shati limetoboka bega, na mguuni raba zile zile, nyeupe kwa jina tu. Kando yake amesimama bibi. Nilimtambua kwa mkono kabla ya uso, kwa sababu vidole vyake viwili vilikuwa vimeunga upande. Walisimama hivyo, mikono miwili mibovu, na bibi alikuwa na kanga kifuani.

"Shikamoo Mwalimu," nilisema. "Shikamoo bibi."

"Marahaba," alisema bibi. Midomo ya Mwalimu ilikuwa inacheza.

Nilifungua kanga kwenye benchi. Mtoto wa kike, wa jana au juzi, mama yake bado anashushwa kwenye gari nje. Tumbo limeanza kujaa. Nikamgeuza, nikamshika miguu, nikatazama. Ngozi ilikuwa nzima. Haikuwa na mkwaruzo. Nilimtazama tena kwa sababu sikuyaamini macho yangu, na mwanafunzi wangu aliyekuwa nyuma akauliza kama kuna tatizo.

"Huyu alinipiga," alisema bibi, na alimwonesha Mwalimu kwa kidevu. "Nikaapa nitawafungulia wote, na kila nitakayemfungulia, huyu atamwona kwenye ndoto. Nilifungulia wawili. Wote niliwazika. Na yeye kila nikitoka kuzika namkuta shambani kwangu analima. Hasemi. Laiti angesema, ningemtukana. Nimechoka kumchukia, mwanangu, ni kazi kubwa kwa mtu wa umri wangu." Alifuta pua kwa upindo wa kanga. "Jana nilishika wembe, nikaupasha. Nikauweka chini nikaenda kumwita huyu."

Nilimtazama Mwalimu, nikaona kwamba anasubiri, na nikajua anachosubiri. Ilikuwa haki yake kuuliza, lakini hakuuliza. Alininyooshea ule mkono uliokunjika, kama mtu anayekuachia njia upite.

"Mlianzia wapi, bibi?" niliuliza.

Bibi alinishangaa, kama vile nimeuliza jambo ambalo kila mtu anaona.

"Tumeanzia hapa," alisema.

Mwalimu aliketi kwenye benchi, akageukia ukuta, akalia. Bibi akakaa karibu naye. Nilimbeba mtoto kifuani, nikaenda kunawa.